Video Si Godoro

Mjomba wangu ana mgongo wa aina yake: huuma siku za kazi na kupona siku za sherehe. Sisemi haya kwa kumsengenya. Nimemwambia usoni mara nyingi, na kila mara hunijibu kwamba mgongo ni wake na mimi nishughulike na kompyuta yangu.

Kompyuta ndiyo shughuli yangu kweli. Nina studio ya picha na video, chumba kimoja chenye kaunta mbele, taa mbili za mwavuli, na ukutani pazia refu lililochorwa maporomoko ya maji. Wateja husimama mbele ya maporomoko hayo wakanyoosha shingo, wakapigwa picha kana kwamba wametalii. Napiga picha za vitambulisho, nachukua video za harusi, nahariri, nabana, nasambaza. Kwa hiyo mdogo wangu alipoolewa, hakuna aliyeuliza kamera ataishika nani. Nilihudhuria harusi ya damu yangu nikiwa nimefumba jicho moja.

Mjomba ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Wenzake wanamwita Springi, na ukimwona akicheza huulizi sababu. Alikwenda kwa meneja wake kuomba ruhusa ya siku ya harusi, akanyimwa. Siku hiyo ilikuwa siku ya hesabu ya stoo, siku ambayo kila godoro linahesabiwa, na meneja akasema hakuna atakayekosekana. Hata yeye mwenyewe angelala humo humo stoo ikibidi. Mjomba akarudi kwenye magodoro yake, akafikiri. Kesho yake akaingia kazini amepinda kama ndoano, kiunoni kajifunga mkanda mpana wa wagonjwa wa mgongo aliouazima kwa jirani. Aliifanya kazi ile ya kuugua kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kusikia ameifanya. Meneja akamwonea huruma, akampa ruhusa ya kulala chali nyumbani, asinyanyue hata mto.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Meneja huyo alichukia ugonjwa wa uongo kuliko wizi. Mtunza stoo aliyemtangulia Mjomba alifukuzwa kwa kumzika bibi yake mara mbili. Mjomba ana watoto shuleni, ana mke asiyependa mzaha, na umri wake si wa kuanza kuzunguka na bahasha ya vyeti kwapani. Ikijulikana alicheza, kazi imekwisha.

Lakini asingeweza kuacha kwenda. Mama yetu, dada yake, alikuwa na kawaida moja ambayo ukoo mzima ulimcheka nayo: harusi yoyote ya nyumbani kwetu, keki haikuingia ukumbini mpaka yeye aitangulie akicheza, kutoka mlangoni hadi mezani. Alipokuwa hospitalini, pumzi zimebaki za kuazima, alimshika kaka yake mkono akamwambia, "Ya huyu mdogo sitaiwahi. Wewe ndiye utakayeniingizia keki." Mjomba akasema ndiyo. Mtu akishasema ndiyo mahali kama pale, hesabu ya stoo ni kitu gani?

Akacheza. Mkanda wa jirani ulikuwa ndani ya koti, na nadhani ulimsaidia kukaza kiuno. Alikwenda kinyumenyume mbele ya keki ya ghorofa tano iliyobebwa na vijana wanne, mabega yakienda huku, miguu ikienda kule, kichwa kikikataa kumfuata yeyote kati yao. Watu walipanda juu ya viti. Mimi nilicheka hadi kamera ikatikisika, na nilipomkumbuka mama ikatikisika tena.

Wiki ikaanza. Mjomba, badala ya kulala chali, alihamia studio kwangu. Alikuja kujitazama.

"Rudisha pale," ananiambia.

Narudisha.

"Umeona bega? Hilo bega halifundishwi. Rudisha tena."

Nilianza kumwombea mgongo uume kweli.

Asubuhi moja tukiwa katika ibada hiyo akaingia mwanamke mwenye aproni chini ya koti na unga wa sukari kwenye nyusi. Nilimtambua kwa sauti, maana tulizungumza kwenye simu kabla ya harusi. Alikuwa mpishi wa keki. Mjini wanamwita Mama Keki na yeye huitika.

"Mwanangu, kazi yangu ile niliiacha mlangoni nikakimbia kupeleka nyingine," akasema. "Sikuiona ikiingia. Nataka video yake, kutoka mlangoni hadi mezani, usinikatie hata hatua moja."

"Nina picha nzuri za karibu, mama."

"Picha kila mtu anayo. Mteja akiona picha anajua keki ni nzuri. Akiona ghorofa tano zinatembea bila kuyumba, anajua aliyezijenga ni fundi. Lakini unipunguzie, iwe ndogo. Simu yangu imejaa, na za wateja wangu ndiyo usiseme. Na maua yaonekane! Nimeyafinyanga moja moja kwa vidole hivi." Akanionyesha vidole. "Iwapo sitapata nafasi ya kuja nitamtuma mume wangu. Ni meneja pale kiwanda cha magodoro."

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Sikuwahi kumwona mtu akinyamaza kwa mwili mzima. Kisha mkono wake ukatambaa juu ya kaunta, ukachukua fremu ya picha, ukainua picha hiyo mpaka usoni. Ilikuwa picha ya mtoto mchanga mnene. Kwa muda wote Mama Keki aliobaki pale, kwenye kiti changu palikuwa na mtu mzima mwenye suruali ya kitambaa, viatu vya kufunga kamba, na uso wa mtoto asiye na meno anayecheka.

"Na huyu?" akauliza Mama Keki.

"Anachagua fremu," nikasema.

Alipotoka, mtoto akashuka na Mjomba akapanda, jasho limemtiririka.

"Nikate," akasema.

"Umesikia mwenyewe. Hataki ikatwe hata hatua. Na wewe ulikuwa mbele ya keki hatua zote. Nikikukata wewe nimeikata keki."

"Basi nifute uso tu."

"Kwa kitambaa?"

"Mpwa wangu, usinichezee. Huyo mwanamke analala na meneja wangu!"

"Natumaini, maana ni mumewe."

Aliniangalia kama mtu anayehesabu mema yote aliyonitendea tangu nikiwa mdogo na kujuta moja moja. Nikamwonea huruma. Nikamvutia kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Sikiliza," nikamwambia. "Video hii ilivyo sasa ni nzito, haiingii kwenye simu ya mtu. Ndiyo maana hata chunusi iliyo puani mwako naiona. Ili iwe ndogo lazima niibane, na kila ninavyozidi kuibana, kuna kitu kinapotea. Kwanza zinaondoka nyuzi za koti. Halafu mikunjo ya uso. Halafu uso."

"Bana mpaka kwenye uso."

"Na maua ya Mama Keki?"

"Maua hayana watoto wa kusomesha."

Nikafungua programu ya kubania. Nilikuwa nimeshaweka kidole tayari kubonyeza, Mjomba akanidaka mkono.

"Ngoja kwanza. Sisi kiwandani godoro tunalibana. Tunalitoa hewa, tunalisokota, linakuwa bunda la kubebwa kwapani. Mteja akifika nyumbani akachana nailoni, fuuu! Linafura. Linarudi vile vile, hata wewe ungeapa halijawahi kubanwa." Akameza mate. "Sasa meneja akiichana hii kwenye simu yake... si nitafura?"

Nilitamani mno kumwambia ndiyo. Ulimi ulinicheza. Lakini alikuwa ameshaanza kujishika mgongo, na safari hii bila kuigiza.

"Video si godoro, Mjomba. Kilichobanwa kikatoka, kimetoka. Hakuna wa kukirudisha."

"Mungu ni mkubwa," akasema, akaniachia mkono.

Nikabana mara ya kwanza. Tukatazama. Mjomba alikuwa Mjomba, ila koti lilikuwa la bei nafuu zaidi. Nikabana tena, nikaipunja kompyuta nafasi. Hapo mambo yakaanza kunoga. Ni kwamba kompyuta ikinyimwa nafasi huwa bahili mwenye akili: kisichotikisika inakihifadhi vizuri, maana haina gharama kukirudia; kinachorukaruka inakikisia tu. Keki ilibebwa taratibu, imetulia, na maua yake yakabaki yamekaa vizuri. Mjomba aliyekuwa mbele yake, kwa jinsi alivyokuwa akicheza, alivunjika vipande vipande, miraba ya kahawia na buluu, kama sakafu ya vigae iliyoingiwa na pepo. Uso haukuwepo. Palikuwa na miraba miwili mitatu iliyokuwa na nia ya kuwa uso.

Mjomba akashangilia. "Nimekwisha! Tazama nilivyokwisha!"

"Umeona? Umeokolewa na kucheza kwako. Ungecheza vibaya ungefukuzwa kazi."

Alifurahi hadi akasimama akalirudia lile bega mbele ya maporomoko ya maji. Furaha ile ilidumu mpaka video ilipofika katikati ya ukumbi. Hapo, ikiwa mnakumbuka nilivyosema kuhusu vitu vilivyotulia, Mjomba alipumzika. Alisimama wima mbele ya keki, akatoa leso, akajifuta uso polepole. Na alivyosimama tu, miraba ikaanza kutulia, ikaungana, ikasafika, pua ikarudi mahali pake, na mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro akatokea kwenye kioo kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nikaisimamisha video.

"Nani alikutuma upumzike?" nikamuuliza.

"Jasho," akasema kwa sauti ndogo.

Kilichomponza basi hakikuwa kucheza. Kilikuwa kupumzika, jambo ambalo ndilo aliloamriwa na meneja. Nilicheka mpaka nikaegemea kaunta. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye uso wake mwenyewe na hayakwenda kwingine. Ningependa kusema mimi niliona zaidi, na kweli niliona kidogo: nyuma yake, karibu na ukuta, nyuma ya spika kubwa, alisimama mwanamume mmoja mwenye sahani mkononi, kachuchumaa nusu, kaganda kama jokofu. Kwa kuwa hakutikisika hata ukope, kompyuta ilikuwa imemtunza vizuri kuliko bibi harusi. Nikadhani ni mgeni wa upande wa bwana harusi aliyejihudumia chakula kabla ya wenzake. Nikambatiza Mzee wa Spika, nikampita.

Tatizo la leso nililimaliza kifundi. Katika kompyuta yangu nina mioyo myekundu inayoporomoka, ambayo maharusi huipenda sana na mimi siipendi hata kidogo. Nikaimwaga pale pale Mjomba alipopumzika, mingi, yote ikishukia kichwani kwake. Mtu akiitazama angedhani ukumbi mzima umempenda ghafla mtu mmoja asiye na kichwa.

Mchana Mama Keki akaja mwenyewe. Mjomba alikwisha kukimbilia nyumbani. Nikamwekea video, naye akaisogelea hadi pumzi zake zikaweka ukungu kwenye kioo. Kidole chake kilifuata keki kutoka mlangoni hadi mezani.

"Ua la ghorofa ya pili, kushoto. Mbona jani lake limefifia?"

"Imepunguzwa, mama. Lazima kitu kipotee."

"Hilo jani lilinichukua asubuhi nzima." Akarudia tena mwanzo hadi mwisho. "Haya. Imetulia. Haikuyumba hata kidogo, uliona?"

"Niliona. Na watu je, umewaona?"

"Watu gani?" akasema.

Nikamrushia video kwenye simu. Akaipokea, akaicheza, akaibusu. Alipokuwa akifunga mkoba akaniambia kwamba wa kwanza kutumiwa atakuwa tajiri wa kiwanda cha magodoro, mwenye mali mwenyewe, bosi wa mumewe. Tajiri huyo, naye ni mwanamke, alikuwa anamwoza binti yake na bado hajampata mtu wa keki. "Nikiipata hiyo," akasema, "hata nyumbani nitakuwa nasalimiwa kwanza." Akaenda zake.

Jioni Mjomba akarudi kuuliza mambo yalivyokwenda. Nilipomwambia alishusha pumzi, kisha akanyanyua kidole.

"Bado ile kubwa. Ifute."

"Mjomba, ile ni harusi ya mdogo wangu."

"Sehemu ya keki tu. Yenye uso wangu. Siku moja mtu ataiona. Ifute mbele yangu."

"Ulicheza vizuri sana pale. Huta..."

"Nimekuomba."

Alipoomba hivyo, nikafuta mbele yake. Akanitaka niende na kwenye kapu la taka la kompyuta, nikaenda, nikalimwaga. Akaangalia pale palipokuwa na faili, akaona patupu. Alinishukuru, lakini hakuonekana mwenye furaha. Alikaa kidogo, akauliza kama naweza kumwekea ile ndogo. Nikamwekea. Akajitazama akicheza katika miraba yake, bila kuniambia nirudishe.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunakunywa chai kwenye kaunta. Gari likasimama nje. Mjomba akachungulia dirishani, kikombe kikamtoka mkononi. "Meneja!" Mlango wa nyuma sina. Alichonacho chumba changu ni pazia. Nikamwona Mjomba akizama ndani ya maporomoko ya maji, na viatu vyake vikabaki chini ya pazia, vimepangana vizuri.

Aliyeingia alikuwa mtu mnene wa makamo, shati limechomekwa. Akanisalimia kwa adabu, akatazama huku na huku. Nikamwangalia. Mabega yale niliyajua. Mchuchumao ule wa nusu niliujua, ingawa sasa alikuwa amenyooka. Ni kidogo tu niseme "Karibu, Mzee wa Spika."

"Binti," akasema, "wewe ndiye uliyempunguzia mke wangu video?"

"Ndiyo, mzee."

"Inaweza kupungua zaidi?"

Nilisikia pazia likipumua.

"Kuna nini, mzee? Mama aliipenda."

Akatoa simu, akaipeleka video hadi katikati ya ukumbi, pale kwenye mioyo. Akaweka kidole kwenye kona, nyuma ya spika. "Huyu mtu. Nataka asionekane. Mke wangu anataka kuituma kwa tajiri wetu. Leo."

"Na huyu mtu ni nani?" nikauliza, nikiwa na uso wa mtoto wa kwenye fremu.

Alijikohoza. "Ni mtu aliyepaswa kuwa mahali pengine. Mke wangu aliniambia... alimwambia huyo mtu asubiri stendi ya keki, arudi nayo, zile stendi huibwa. Basi akasubiri. Njaa ikamshika. Ndiyo hayo tu."

"Na mahali pengine penyewe ni wapi?"

"Stoo," akasema. "Siku ile tulikuwa na hesabu. Tajiri anajua nilikuwa nasimamia."

Sijui niliuzuiaje mdomo wangu. Nikamweleza kwa upole kwamba yeye, samahani, huyo mtu, ametulia mno. Kwamba kompyuta inapenda watu watulivu. Na kwamba ili yeye apotee, ni lazima kwanza yapotee maua yote ya mkewe.

"Hapana," akasema haraka. "Maua usiguse. Nalala nyumba moja na yale maua." Akarudisha video mwanzo. "Lakini huyu hapa mbele, mbona yeye hana uso?"

"Huyo anacheza sana."

"Yaani anayerukaruka ukumbi mzima hafahamiki, na mimi niliyejibana nyuma ya spika nimetoka kama picha ya kitambulisho?"

"Ndivyo mashine ilivyo, mzee."

"Hiyo si haki!"

Hapo maporomoko ya maji yakacheka. Kwanza yalitetema, halafu yakakoroma, halafu ikatoka sauti ambayo kiwanda kizima cha magodoro kinaijua. Meneja akageuka taratibu. Akaviangalia viatu. Akaenda akalivuta pazia upande mmoja, na Mjomba akawa amesimama pale, mkono mdomoni, machozi ya kicheko yanamtoka, na nyuma yake ukuta mtupu.

Wakatazamana. Nilishika taa moja ya mwavuli isije ikaangushwa.

"Mgongo vipi?" akauliza Meneja.

Mjomba akajinyoosha. "Unaendelea vizuri, mkuu. Hesabu ya stoo je?"

Meneja akaliachia pazia. "Inaendelea," akasema.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini siku ile walionana nyani wawili mchana kweupe. Meneja akaketi kwenye kiti cha wateja. "Springi, unadhani nilijibana nyuma ya spika kwa kupenda muziki? Nilikuona tangu mlangoni. Nikajisemea, akiniona huyu, nimekwisha. Chakula chote nilikila nimechuchumaa."

"Na mimi siku zote hizi silali!"

"Chali hulali?"

"Hata kifudifudi."

Kabla hawajafika mbali simu ya Meneja ikalia. Alikuwa mkewe, na sauti yake haihitaji spika. Video ameshaituma. Tajiri ameshaiona. Meneja alifumba macho.

"Amesema nini?"

"Ameipenda! Ametuita Jumamosi tuzungumze. Maua ameyasifu, mpaka lile la jani."

"Hakuuliza kitu kingine?"

"Ameuliza kimoja. Anamtaka na yule mtu anayecheza mbele ya keki. Anasema hajawahi kuona mtu anacheza namna ile. Nami nikamwambia sikumwona. Unamjua ni nani?"

Meneja akafumbua macho, akamtazama Mjomba. Niliona jinsi alivyopima: kumtaja mchezaji ni kutaja harusi ya nani, na harusi ya nani ni kutaja siku gani.

"Simjui," akasema. "Hana uso."

Akakata simu. Akasimama, akachomeka shati vizuri. "Kesho uje kazini. Mgongo umepona." Mlangoni akageuka, akaongeza kwa sauti isiyo ya umeneja, "Lakini kusema kweli, lile bega..." Hakumaliza. Akaingia kwenye gari lake.

Nilitegemea Mjomba atashangilia. Kazi imebaki, watoto watasoma, mkanda utarudi kwa jirani. Badala yake alikwenda akakaa kwenye kiti ambacho Meneja alikiacha, akaokota kipande cha kikombe sakafuni, akakigeuzageuza.

"Umesikia?" akasema. "Hajawahi kuona mtu anacheza namna ile."

"Nimesikia."

"Na mimi ndiye."

"Ndiwe."

"Hana uso." Akakiweka kile kipande kwenye kaunta. "Ile kubwa uliifuta kweli?"

"Si uliniangalia? Hadi kapu."

"Hii ndogo basi. Haiwezi kufura? Hata kidogo? Mnaichana, mnaifanyia kitu..."

"Video si godoro, Mjomba."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa habari aliyokwisha kuijua. Nilimwacha hivyo. Nakiri nilimwacha kwa muda wa kutosha kumalizia chai yangu, maana kwa kunirudishisha lile bega wiki nzima alikuwa na deni langu. Kisha nikafungua droo, nikatoa diski, nikaichomeka. Ni fundi gani wa video anayebaki na nakala moja ya harusi ya mdogo wake? Nilichofuta mbele yake kilikuwa kivuli.

Hakunifokea. Alivuta kiti.

Ikaanza, kubwa, nzito, yenye kila uzi wa koti. Mlango ukafunguka na Mjomba akaingia kinyumenyume, ana uso, ana meno, ana chunusi. Bega likafanya kazi yake. Mjomba wa kwenye kiti alikuwa anacheka na kumpigia makofi Mjomba wa kwenye kioo. Keki ikafika katikati ya ukumbi. Akasimama, akatoa leso.

Mimi nilikuwa nimeiona sehemu ile mara nyingi, ikiwa imebanwa na ikiwa na mioyo. Katika kubwa sikuwahi kuitazama kwa makini, maana yeye kila mara alitaka nirudishe kwenye bega. Sasa nikaitazama. Alipoishusha leso macho yalikuwa mekundu, na kidevu kilikuwa kinatetemeka. Alitazama juu ya vichwa vya watu wote, kwenye kiti cha mstari wa mbele ambacho mdogo wangu alikiwekea kitenge cha mama. Jasho halikuwepo. Halafu akavuta pumzi, akairudisha leso mfukoni, akaendelea kucheza kama kichaa.

Nilitaka kumshika bega, lile lile, nikaona aibu.

Mjomba akajikohoza. Akanyoosha kidole, akagusa kioo pale penye uso wake.

"Hapa," akasema, "punguza kidogo."